Mchanga wa Mama Mkwe

Miguu aliyoisikia Gauthier juu ya shimo haikuwa ya mtu aliyemwomba Mungu amletee. Ilikuwa ya mama mkwe wake.

Haya, wewe msomaji wa Katanika uliyenitumia ujumbe kwamba nimemuua fundi wa watu bila sababu, tulia. Hajafa. Tulimwacha kwenye malisho ya ng'ambo ya mto Lukuga, ndani ya shimo la majaribio alilolichimba mwenyewe, ukuta umemwangukia na mchanga umemfunika hadi makwapani. Mkono mmoja uko nje, mwingine umezikwa. Anapumua, lakini kila akitoa pumzi mchanga unajaza ile nafasi, na pumzi inayofuata inakuwa fupi zaidi.

Tena yuko uchi, au karibu na uchi. Fundi yeyote wa mchanga atakuambia kwamba mchanga wenye maji hauchimbwi na suruali. Gauthier alivua shati na suruali, akavitundika kwenye kichaka, akashuka na chupi na viatu tu. Saa tano asubuhi nani angepita huko? Ng'ombe tu.

Ng'ombe alipita kweli, na ndiye aliyekanyaga ukingo ukaporomoka. Nyuma ya ng'ombe akaja mwenye ng'ombe.

Mama Marthe, mjane wa miaka sitini na ushee, aliona suruali kwanza. Akageuza uso. Kisha akasikia mtu anakoroma ardhini, akasogea, akachungulia, akakutana na macho ya mume wa binti yake. Alijifunika uso kwa kitenge na kurudi nyuma hatua kumi.

Kama hujui kwa nini, nikuambie haraka kabla mtu hajafa. Katika ukoo wa Mama Marthe, watu waliotoka Kirungu kule milimani, mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawagusani wala hawasemezani. Neno likiwepo linapitia kwa mtu wa katikati. Gauthier ana miaka tisa na Elsa, binti wa Mama Marthe, na kwa miaka hiyo tisa hajaambiwa na mama huyo hata "karibu". Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini. Si chuki. Ni heshima, na siku ile heshima ilikuwa inamuua.

"Mama," Gauthier aliita kwa sauti ndogo. "Ninakufa."

Mama Marthe hakumjibu. Alimgeukia ng'ombe wake, jike jekundu aitwaye Vumilia.

"Vumilia," alisema, "kuko muntu kwa shimo. Umuulize kama anasikia miguu yake."

Ungecheka ungekuwepo. Gauthier hakucheka.

"Vumilia, umujibu kwamba nasikia miguu, lakini haitembei."

"Vumilia, umuambie avumilie. Naenda kutafuta kamba. Nitakufunga wewe kwa shingo, utamuvuta."

"Vumilia, umuambie asilete kamba. Kamba itanikata kiuno na mchanga hautaniachia. Alete mabati. Ayasimamishe kunizunguka, mchanga wa juu usiendelee kuanguka. Halafu atoe huu wa ndani na beseni."

Mama Marthe alikwenda kwenye kibanda cha ndama. Gauthier alisikia misumari ikilia, bati la kwanza likang'oka, kisha la pili. Alihesabu pumzi zake. Alipofika arobaini alianza kumwomba msamaha kila mtu aliyemkumbuka.

Mabati yakateremshwa. Lakini bati haliingii mchangani lenyewe. Lazima mtu ashuke, alisimamishe, alikandamize kwa mguu, ajibanze pale pale karibu na aliyezikwa. Mama Marthe alisimama ukingoni, uso pembeni.

"Vumilia," alianza.

Vumilia alikuwa amekwenda zake. Majani mazuri yalikuwa upande wa kichuguu, na ng'ombe hajui habari za wakwe. Juu ya shimo hakukuwa na mtu wala mnyama wa kupitishia neno.

Kipande kingine cha ukuta kikashuka. Mchanga ukamfika Gauthier mabegani, na mdomo wake ukajaa chembe.

Mama Marthe alijifunga kitenge kiunoni, akashuka.

"Gauthier," alisema, na lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu mkwe huyo alipoleta mahari. "Inua ile mukono. Usiangalie mimi, angalia juu."

Alifanya kazi kama mtu aliyechimba visima maisha yake yote. Akasimamisha bati la kwanza nyuma ya mgongo wa mkwe wake, la pili kifuani, akachota kwa beseni na kurusha nje. Beseni ishirini. Beseni thelathini. Kifua kikaonekana, kisha tumbo. Haya ilimuuma Gauthier kuliko mchanga. Alitamani kumwambia aache, na alitamani kuishi, na la pili likashinda.

"Wewe ni fundi wa kujenga nyumba," alisema Mama Marthe huku akichota. "Kisima ya ngombe nani alikufundisha kuchimba vibaya vile?"

"Kisima gani, Mama?"

"Hii."

"Hii si kisima, Mama. Hii ni shimo ya kupima mchanga."

Beseni likasimama.

"Mchanga ya nini?"

Hapo, msomaji wangu, Gauthier alijua kwamba ujumbe wake haukufika. Unakumbuka mpango wake. Tangu ziwa lilipopanda na kuumeza mchanga wa ufukweni, watu wa Kalemie wanahamisha nyumba zao juu, na kila anayejenga analia mchanga. Gauthier aliuona mchanga huo kwenye kona ya juu ya malisho haya, mweupe, mkali, usio na udongo. Alipanga kariere, machimbo madogo ya heshima. Mashimo matatu, moja baada ya jingine. Unaondoa udongo mweusi na kuuweka kando, unachukua mchanga hadi kiunoni tu, unarudisha udongo, unapanda majani, ndipo unafungua shimo la pili. Kamio moja, lori moja tu la mchanga, kwa siku. Ng'ombe kumi na mmoja wasingepoteza hata shibe ya asubuhi moja. Alichora yote kwenye daftari la shule la binti yake.

Lakini malisho ni ya Mama Marthe, na Gauthier haruhusiwi kumwomba. Kwa hiyo aliomba kupitia kwa Chérubin, kaka wa Elsa. Na Chérubin alileta jibu tamu: Mama amekubali.

"Mama," Gauthier alisema taratibu, "Chérubin alikuambia nini?"

"Aliniambia mukwe wako anataka kukusaidia. Anachimba kisima, anazungushia malisho waya. Na akaniletea karatasi ya daktari wa ngombe, nikaweka kidole yangu."

"Ile karatasi haikuwa ya daktari."

"Ilikuwa ya nini?"

Gauthier alitema mchanga. Mfa maji haachi kutapatapa, lakini huyu hakuwa na pa kutapatapia. Ile karatasi aliisoma kwa macho yake, imeandikwa kwa Kifaransa. Ilisema Marthe anamwachia mwanawe Chérubin malisho yote, kutoka kichuguu hadi mto. Alimwuliza Chérubin kwa nini malisho yote na si kona. Chérubin akamwambia ofisi haina fomu ya kona. Alimwuliza tena kama Mama ameelewa. Chérubin akacheka na kumwambia, "Uende umuulize wewe mwenyewe, shemeji." Alijua hawezi.

"Ilikuwa ya kumupa Chérubin malisho," alisema Gauthier. "Yote."

Mama Marthe hakupiga kelele. Aliendelea kuchota, lakini nusu ya kila beseni ilirudi shimoni.

"Kidole ya mwanamuke pekee haitoshi," alisema mwishowe. "Karatasi inataka shahidi. Nani alisinye na mimi?"

"Mimi."

Msomaji, kuna watu wangemwacha pale pale. Mimi mwenyewe sijui ningefanya nini. Mama Marthe alitupa beseni nje, akamshika mkwe wake chini ya makwapa kwa mikono miwili, akavuta. Mguu wa kwanza ukatoka. Wa pili ukatoka bila kiatu. Wakapanda ukingoni wakikokotana, wakaanguka kwenye majani, mmoja huku na mwingine kule, na kila mmoja akageuza uso wake.

"Vaa suruali," alisema Mama Marthe.

Gauthier hakuwa amemaliza kufunga mshipi pikipiki mbili zilipotokea kwenye njia ya malisho.

Ya kwanza ilimbeba Chérubin, shati limepigwa pasi, karatasi ndani ya plastiki kifuani. Nyuma yake ameketi Papa Ngoy, mjumbe wa chifu, mtu mnene anayetoka jasho na anayetaka kumaliza kazi kabla ya mvua. Ya pili ilimleta Elsa. Siku ile ndiyo siku ya mjumbe kukagua mipaka ya malisho, na mtoto wa kike wa nyumba lazima awepo.

Mpango wa Chérubin ulikuwa mfupi. Papa Ngoy anamwuliza mwenye malisho, anamwuliza shahidi, anapiga kashe, muhuri wa chifu, biashara imekwisha. Baada ya kashe hakuna tena pa kulalamikia.

"Mama Marthe," Papa Ngoy alisema bila hata kushuka vizuri, "hii kidole ni yako?"

"Ni yangu. Lakini walinidanganya. Mimi sikumupa muntu malisho yangu."

Papa Ngoy alijipangusa shingo.

"Mama, kila muntu akikana kidole yake, chefu ataamua nini? Karatasi iko na shahidi. Shahidi njo atasema kama ulikubali. Nani ni shahidi?"

"Huyu," alisema Chérubin, akimwonyesha Gauthier. Kisha akamtazama vizuri zaidi. Aliona mchanga kwenye nywele zake, mabati yaliyosimama shimoni, na mchanga mbichi kwenye mikono ya mama yake mpaka viwiko. Chérubin ni mwongo lakini si mjinga. Akatabasamu.

"Papa Ngoy, utupe dakika moja na shemeji."

Alimvuta Gauthier hadi nyuma ya kibanda cha ndama, akamwekea mkono begani.

"Alikutoa Mama," alinong'ona.

Gauthier alikaza mshipi wake.

"Alikugusa. Na wewe ulikuwa uchi, suruali yako bado imefungwa upande. Sikiliza, shemeji, mimi sikutakii mabaya. Useme kuko wachimbaji walipita, walikutoa, wakaenda. Useme Mama alikubali. Kesho asubuhi mashini ya patron, ule tajiri wa mchanga, inavuka daraja, na mimi nitakuweka chefu wa kariere. Elsa anabaki kwako. Watoto wanabaki kwako."

"Mashini?" aliuliza Gauthier. "Tulisema majembe. Tulisema kona."

"Wewe njo ulisema kona. Karatasi haikusema kona."

"Na ngombe?"

"Ngombe tunauza. Mama atakuja kukaa kwangu."

"Nikisema ukweli?"

"Utaulizwa umejua namna gani. Jibu ile swali kwanza." Chérubin alimpiga begani kwa upole, wakarudi.

Wote walisimama wakimngoja. Elsa alimtazama mumewe kwa wasiwasi na kujaribu kumpangusa mchanga shingoni, na mguso huo mdogo ndio uliomwumiza. Gauthier aliyaona malisho yote mara moja, yakichimbwa kutoka kichuguu hadi mto, na mama huyu mzee amekaa kwenye kiti cha plastiki uani kwa Chérubin akisubiri chakula. Naye ndiye aliyetia sahihi.

"Papa Ngoy," alisema, "Mama hakukubali."

"Umejua namna gani?" Chérubin aliuliza pale pale. "Jana ulisema alikubali. Leo nani amekuambia?"

"Yeye mwenyewe."

"Ulisemezana na mama mukwe wako?"

"Ndiyo."

"Uso kwa uso?"

"Ndiyo."

"Na nani alikutoa kwa shimo?"

Gauthier alitazama chini. "Ni yeye. Alinishika akanitoa. Sikukuwa na nguo."

Elsa aliondoa mkono wake shingoni kwake. Waendesha pikipiki wawili, ambao hadi hapo walikuwa wakichezea simu, walizizima.

Papa Ngoy alifunga faili lake, akakohoa.

"Ni mubaya," alisema. "Si dhambi, mama aliokoa muntu. Lakini desturi ya ukoo yenu mimi naijua na chefu anaijua. Mukwe akivunja haya na mama mukwe, hana kinywa kwa mambo ya nyumba ile. Mupaka wazee wakae, mbuzi itoke, kitenge itoke. Mujomba mukubwa iko wapi?"

"Kirungu," alisema Chérubin haraka.

"Na hii mvua, wiki tatu. Labda mwezi. Mbele ya pale, neno ya huyu mukwe siwezi kuiandika. Na kama shahidi hana kinywa, karatasi inabaki vile iko."

Umeona mtego ulivyofungwa? Ukweli wa Gauthier ulitoka kwa mama mkwe. Kuusema lazima aseme ulitoka wapi, na akishasema ulitoka wapi, si neno tena. Angenyamaza, malisho yangekwenda. Amesema, malisho yanakwenda vile vile. Chérubin aliichomoa karatasi kwenye plastiki yake na kuinyoosha juu ya tangi la pikipiki ili kashe ikae vizuri.

Papa Ngoy akatoa kashe mfukoni, akaipulizia pumzi.

"Papa Ngoy, ungoje."

Alikuwa Elsa. Hakuwa amesema neno tangu afike. Ni mwanamke wa maneno machache, mjuavyo, na mara nyingi nimelaumiwa kwamba simpi nafasi katika hadithi hii. Leo alijichukulia.

"Mimi na Gauthier, nani alituozesha?"

"Ukoo," alisema Papa Ngoy. "Mimi nilikuwa pale. Nilikula."

"Kwa padri tulifika?"

"Kwa padri, bado."

"Basi ukoo ilifunga, na ukoo inaweza kufungua. Muke akirudisha bangili mbele ya mujumbe wa chefu, inakuwa nini?"

Papa Ngoy aliishusha kashe. "Elsa, mutoto wangu, acha."

"Inakuwa nini, Papa?"

"Inakuwa ndoa imekwisha. Unajua."

Elsa aliivua bangili ya shaba aliyovishwa siku ya mahari. Haikutoka kwa urahisi, mkono ulikuwa umenenepa kwa kuzaa watoto wawili, akalamba kifundo cha mkono ili iteleze. Akaiweka kwenye kiganja cha Papa Ngoy.

"Tangu sasa mimi si muke wake. Kama mimi si muke wake, yeye si mukwe wa mama. Ile desturi inafunga kinywa ya mukwe. Haifungi kinywa ya shahidi wa kando. Umuulize tena."

Hakuna aliyecheka. Chérubin alijua kwamba hoja ya dada yake ni sahihi. Papa Ngoy alitafakari, akaitazama bangili kiganjani, akamgeukia Gauthier. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetamani angebaki nyumbani.

"Nitauliza mara moja. Wewe uko mukwe wa hii nyumba, ao uko muntu wa kando? Ukisema mukwe, narudisha bangili kwa Elsa, napiga kashe, naenda. Ukisema muntu wa kando, nitakusikiliza na nitaandika."

Gauthier alimtazama Elsa. Alitaka ampe alama yoyote, ya jicho au ya kidole, kwamba ni hila ya dakika mbili na jioni watakula pamoja. Elsa alikuwa analia waziwazi bila kujifuta.

"Usiniangalie," alisema. "Ile ni maisha ya mama. Sema."

Miaka tisa. Watoto wawili. Nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, tofali kwa tofali. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye ndiye aliyeulizwa kama ayamwage.

"Niko muntu wa kando," alisema Gauthier.

Elsa akakaa chini kwenye majani.

"Basi useme."

"Mama Marthe hakukubali. Hakuna aliyemuuliza. Nilisinye bila kumuuliza, kwa sababu haikuwa ruksa nimuulize. Na mimi nilifurahi kwamba si ruksa. Ningemuuliza, labda angekataa."

Papa Ngoy aliandika yote, polepole, akirudia maneno kwa midomo. Kisha akaikunja karatasi ya Chérubin bila kuipiga kashe na kuitia kwenye faili lake.

"Hii inaenda kwa chefu. Mupaka atakaposikiliza, hakuna mashini inagusa malisho."

Mama Marthe alishusha pumzi kwa sauti. Nami hapa ningeweza kuwaaga na mngelala vizuri. Lakini Chérubin alikuwa ameanza kucheka.

"Vizuri," alisema. "Vizuri kabisa. Papa Ngoy, uniandikie na mimi. Muntu wa kando ameingia kwa malisho ya mama yangu. Amechimba shimo ya urefu kupita muntu. Ruksa hana, shahidi amesema yeye mwenyewe kwamba hakuuliza. Mchanga ametoa, ile pale, lundo nzima. Muntu wa kando akichimba udongo wa wenyewe, chefu anamuita nani?"

Papa Ngoy alilitazama lundo la mchanga. Akafumba macho kidogo.

"Anamuita mwizi," alisema.

"Na mwizi anafanywa nini?"

"Anafungwa kamba, anapelekwa. Sheria ya chefu, si yangu."

Mmoja wa waendesha pikipiki alikwisha kufungua kamba ya mpira iliyofunga mzigo nyuma ya kiti. Gauthier hakukimbia. Angekimbilia wapi na mguu mmoja bila kiatu?

Chérubin alimwendea mama yake, akapiga goti, akamshika mikono iliyojaa mchanga. Sauti yake ikawa ya mtoto mwema.

"Mama, mwenye malisho tu njo anaweza kumuokoa. Useme neno moja. Useme huyu ni mukwe wako, alichimba kwako kama mutoto wa nyumba. Tutamuacha aende na Elsa, bangili inarudi, watoto wao watakula na baba yao leo. Wewe ni mama. Huwezi kufanyia binti yako mabaya."

Akisema ni mkwe, Gauthier hana kinywa, na karatasi inatoka kwenye faili kupigwa kashe. Akisema si mkwe, mtu aliyemtoa ardhini kwa mikono yake anafungwa kama kuku wa soko, mbele ya binti yake. Mama Marthe alijua yote mawili. Alimtazama Elsa pale kwenye majani, akamtazama Gauthier usoni, kwa mara ya kwanza mchana huo bila kujificha, akamtazama kwa muda mrefu.

"Mama," Papa Ngoy alisema, "huyu muntu ni nani kwako?"

Mama Marthe aliitoa mikono yake katika mikono ya mwanawe. Akaenda kwa yule mwenye pikipiki, akaipokea kamba.

"Simujui," alisema. "Nitamufunga mimi mwenyewe."

Gauthier akanyoosha mikono yote miwili.